Niliibeba Metimani Nyumba kwa Nyumba

Mlionipigia simu wiki hii kutaka kujua kama dada yangu alitoka kwenye kibanda, nivumilieni. Nitafika huko. Mlionitukana sina la kuwajibu, maana baba yangu mzazi amenitukana kuliko ninyi nyote.

Aliyenikosa Jumamosi iliyopita katika gazeti hili apate haya machache. Mimi ni Margwe, mtoto wa mwisho wa Mzee Yohanes, katekista wa kigango chetu huku milimani, juu ya Mbulu mjini. Nasoma sosholojia mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha serikali, somo ambalo baba hajawahi kuweza kulieleza kwa jirani. Akiulizwa mwanao anasomea nini, hujibu, "Anasomea watu," kisha anauliza habari za ng'ombe.

Mwaka wa tatu lazima uandike utafiti. Mada yangu ya kwanza ilikataliwa, ya pili ikakataliwa, na Dokta Natalia anayenisimamia akaniambia nirudi kwetu nikaandike jambo ninalolijua. Nikarudi. Nikamkuta dada yangu Letisia yuko ndani ya metimani.

Metimani ni kutengwa. Kijijini kwetu mwanamke akizaa mtoto mfu anakaa peke yake mpaka wazee waseme imetosha. Ana kibanda chake, bakuli lake, kikombe chake, na kijia chake cha kwenda mtoni, chini kabisa ya pale wanapochota wengine. Hapeani mkono na mtu. Watu wanaamini msiba wake unaambukiza, na kwamba atakayekula naye ataupeleka kwenye nyumba za wenye mimba. Padri anaikemea kila Kwaresima. Watu wanaitikia amina, halafu wanarudi nyumbani kuifuata. Baba yangu, katekista, ndiye aliyemjengea Letisia kibanda kwa mikono yake.

Letisia alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama. Mumewe, Modest, ni mwalimu wa shule ya msingi kule Getanuwas, Hanang. Aliambiwa asubiri huko mpaka mkewe atakaswe, naye akasubiri, ingawa mama yake alishaanza kumtajia mabinti wa watu. Wazee walikuwa wamesema mahindi yakishavunwa Letisia atatoka, arudi kwa mumewe. Tumaini hilo ndilo lililokuwa likimwamsha asubuhi.

Sasa sikilizeni nilivyoliharibu.

Mtandao kwetu unapatikana ukisimama karibu na tanuru la matofali. Hapo ndipo Dokta Natalia aliponipata.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Nimesoma ulichonitumia. Una wanaume watupu wanaoeleza metimani ya wanawake. Mwanamke mwenyewe yuko wapi?"

"Hatakiwi kukaribiana na watu, Dokta."

"Wewe ni mtafiti au ni jirani?"

Akaendelea, "Kaa naye, umsikilize. Maswali yako ya kwenye karatasi yaache nyumbani. Bila huyo mwanamke, Margwe, hiyo si sosholojia. Ni porojo."

Dokta hakukosea. Nasema hivyo msije mkamtupia yeye lawama. Alisema kaa naye. Hakusema nile naye, wala hakusema nikitoka hapo niende kwa Mzee Gervasi.

Mchana ule baba alikuwa kigangoni na mama shambani kwenye vitunguu swaumu. Nikaenda mpaka mlangoni pa kibanda, simu mkononi inarekodi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Simama hapo hapo."

"Nimekuja kukusikiliza."

"Kwa ajili ya chuo?"

"Kwa ajili ya chuo. Na kwa ajili yako."

"Usinidanganye, Margwe. Kwa ajili ya chuo."

Tukacheka wote wawili. Tangu nirudi nyumbani sikuwa nimemsikia akicheka.

Nikamwomba anieleze maisha ya mle ndani yakoje. Akachokonoa majivu kwa kijiti.

"Mama akileta chakula anakiweka pale kwenye jiwe," alisema. "Anarudi nyuma, ndipo ananiita. Nikimtazama, anatazama chini. Mama aliyenizaa! Na maziwa yalikuja, Margwe. Mtoto hayupo, maziwa yakaja. Nikawa nayakamua hapa kwenye majivu, na hapakuwa na mwanamke wa kuniambia yatakauka lini."

Nikaingia. Wala sikufikiri. Niliinama nikapita mlango, nikakaa chini mbele yake. Katikati yetu palikuwa na ugali na mboga ya maboga.

"Toka!"

"Wewe ni dada yangu."

"Margwe, toka nakwambia."

Nikamega tonge. Akatazama mlangoni, akanitazama mimi, na uso wake ukalegea.

"Kula, mdogo wangu," akasema. "Hakuna anayekuona."

Tukala. Tulipomaliza nikamshika mkono, naye akalia, kilio kirefu cha mtu aliyekuwa amekiweka. Mimi nilijiona mtu mwema mno siku ile. Nilijiona nimesoma nikaelimika.

Alipofuta machozi akaniambia, "Sasa usiende kwa mtu. Leo wala kesho. Kaa hapa nyumbani mpaka nitakapotakaswa, ndipo utembee. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Na kweli nilikuwa nimekusudia kukaa. Lakini nilipopita penye tanuru simu ikaita. Mzee Gervasi. Huyu ndiye mzee anayejua utakaso wote unavyofanywa, na kwa majuma alikuwa amenipiga chenga.

"Kijana, njoo leo," alisema. "Leo nimeamka na maneno. Kesho sijui."

Kwake ni ng'ambo tu ya bonde. Nikasimama pale nikijihoji. Katika utafiti wangu nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba metimani ni imani ya kijamii. Imani haipandi kwenye ulimi wa mtu ikavuka bonde. Nikavuka mimi.

Mzee Gervasi alinipokea kwa heshima ambayo vijana wa rika langu hawaipati. Tulikunywa pombe kwenye kibuyu kimoja, yeye, halafu mimi, halafu yeye. Kilipoisha, Eva, mke wa mwanawe, akakipokea mikononi mwangu. Alikuwa na mimba kubwa, anatembea mkono mmoja kiunoni.

"Shemeji wa chuo kikuu," alinitania, "ukimaliza hicho kitabu utuandike na sisi wa jikoni."

"Nitakuandika, shemeji."

Habari zikaenea kwamba hata Gervasi amezungumza. Wazee waliokuwa wamenikatalia wakaanza kuniita wenyewe. Juma lile nilipita nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba nilipewa kikombe. Kukataa kikombe kwetu ni kumtukana mwenye nyumba, kwa hiyo sikukataa hata kimoja.

Kisha Eva akaanguka uani kwao.

Walimkimbiza hospitali ya Haydom. Mtoto alitoka amekufa. Daktari aliwaeleza kwamba ni presha ya mimba, na mumewe aliporudi alilitamka neno hilo vizuri kabisa: presha. Hakuna aliyembishia. Walimwitikia kwa upole, wakamjengea Eva kibanda, halafu wakaanza kuulizana nani aliingia katika nyumba ile.

Jioni baba aliuliza hivyo hivyo mezani.

"Wengi waliingia," mama alisema.

Baba akanigeukia. "Hata wewe uliingia."

"Niliingia, baba, lakini..."

"Najua. Wewe hukukaribia kibanda cha dada yako."

Alisema kwa kuniamini kabisa, akaendelea kula. Nami nikanyamaza. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya Letisia, kwa sababu nikisema, mwiko umevunjwa na kutengwa kwake kutaanza upya na Modest atapewa mke mwingine. Mahindi yalikuwa yameanza kuvunwa. Huo ndio uongo niliojipikia. Nilikuwa naogopa, basi.

Wazee wakaitana kwenye uwanda ulio juu ya mto. Nami nikaitwa, na nilipofika nilikuta wameniwekea kigoda katikati.

"Kijana," alisema mmoja wao, "wewe umezunguka nyumba zetu zote na umetuchukua sauti. Kwetu mtu haanzi mazungumzo bila kusema ametoka wapi. Tuchezee sauti hizo, tusikie kila mmoja alitoka wapi, tujue mguu ulioingiza jambo hili."

Mtego huo sikuuona. Nilikuwa nimehojiwa na maprofesa, lakini sikuwahi kufikiria kwamba waliohojiwa wangeuomba utafiti wao.

Nikaweka simu kwenye kigoda, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nikaanza na Mzee Gervasi. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mbali, peke yake, kwa kuwa nyumba yake sasa nayo ilikuwa ndani ya metimani. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ni kitu kitamu mzee kusikia maneno ya mwenzake yakitoka kwenye simu.

Ilipoisha, mzee mmoja akaniuliza jambo. Nikamgeukia kumjibu kwa adabu. Simu yangu hucheza rekodi kutoka mpya kwenda ya zamani, na iliyoitangulia ya Gervasi ilikuwa ya siku ile ile, mchana.

"Shikamoo dada," simu ikasema kwa sauti yangu.

"Marahaba. Simama hapo hapo."

Niliruka kuizima. Mkono wa baba ukanidaka.

"Iache," alisema.

Wakasikiliza yote. Wakasikia tunavyocheka. Wakasikia habari za jiwe, na za mama anayetazama chini. Letisia alipofika kwenye maziwa na majivu, mzee mmoja alivua kofia akaishika magotini, na baba yangu akafumba macho. Kwa kitambo nilidhani labda Mungu amenihurumia, labda sauti ya mwanamke ingefanya ambacho kurasa zangu zisingefanya.

Kisha ikaja, "Kula, mdogo wangu. Hakuna anayekuona."

Simu iliendelea, ikatoa kilio cha Letisia, ikanionya kwa sauti yake nisiende kwa mtu, ikanyamaza.

Mzee Gervasi aliita kutoka kule mbali alikokaa. "Kijana. Ulitoka hapo ukaja kwangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Siku hiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikakupa kibuyu changu."

Hakufoka. Heri angefoka. Wazee walisimama mmoja mmoja wakaondoka bila kuaga, kila mmoja akielekea nyumba niliyonywea.

Tulibaki mimi na baba. Hapo ndipo aliponitukana matusi ambayo sitayaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Alipochoka akasema, "Ataanza upya."

"Baba, kosa ni langu!"

"Kosa ni lako. Metimani ni yake. Na wewe unayo sasa, na kila mlango uliopita unayo. Huo ndio usomi wako?"

Nikapewa kona ya zizi la mbuzi, na bakuli langu. Nilimpigia Dokta Natalia nikamweleza yote.

"Margwe, uache huo utafiti," alisema. "Siwezi kuupitisha tena, wala wewe hupaswi kuumaliza. Mwaka utarudia. Kwa sasa mwangalie dada yako."

Sasa wa kumwangalia nilikuwa mimi peke yangu, kwa kuwa nami nilikuwa nimetengwa. Nyumba za jirani hazikututumia hata moto. Letisia alipoambiwa kwamba anaanza upya hakulia. Alirudi ndani, akafunga mlango kwa komeo, na chakula nilichomwekea kwenye jiwe kikaliwa na kuku.

Na katika hali hiyo, Modest akaja.

Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia. Alisikia tu kwamba Mbulu wamevuna, akapanda basi, akachukua boda boda pale stendi, na kunikuta nimekaa zizini. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Kwapani alibana kifurushi cha kitenge kipya.

"Shemeji! Nimekuja kumchukua mke wangu."

Alikuwa anacheka, jamani. Nikamsimulia yote tukiwa tumetenganishwa na ua, na nikauona uso wake ukinyauka neno kwa neno. Nilipomaliza alishika mti wa ua kwa mkono mmoja.

"Letisia anasikia?" aliuliza.

"Anasikia."

"Basi naingia. Nitakaa naye humo humo mpaka iishe."

"Ingia," nikamwambia.

Sauti ya Letisia ikatoka ndani. "Asiingie!"

"Mama Eliya..." Modest aliita. Hilo ndilo jina walilokuwa wamemwandalia mtoto.

"Usiniite hivyo. Rudi kwenu. Mtoto wa Eva nimemuua mimi."

"Ilikuwa presha, dada," nikasema. "Daktari mwenyewe..."

"Nilijua hutakaa nyumbani, Margwe. Nakujua tangu ukiwa mdogo. Nilijua utatembea, na bado nikakuacha ule, kwa sababu nilitaka mtu anishike mkono. Sasa Eva naye anakamua maziwa kwenye majivu."

Nilikosa pa kuweka uso. Miezi yote ile nilidhani dada yangu ametengwa na imani ya wengine. Sikuwahi kumuuliza kama yeye anaamini. Katika maswali yangu yote, hilo sikuliweka.

Modest alinisogelea mpaka ua ukamgusa kifua. Akashusha sauti.

"Shemeji, mimi nina cheti cha ualimu tu. Wewe ndiye wa chuo kikuu. Kule nyumbani mama ameshamweka binti wa watu jikoni. Nikirudi bila Letisia, yamekwisha. Nikiingia humu, mama hanipokei tena. Nitachagua, mimi ni mwanaume. Ila kwanza niambie kitu kimoja. Hii metimani ipo au haipo?"

"Inategemea," nilianza. "Katika jamii, imani kama hii ina kazi ya..."

"Sikukuuliza kazi yake. Ipo au haipo?"

Chuoni hatukufundishwa kulijibu swali hilo. Tulifundishwa kutoliuliza.

"Letisia," nikaita, nipate msaada. "Mwambie wewe unataka nini."

"Dada!"

Modest naye akaita, mara nyingine kwa jina lake, mara nyingine kwa jina la mtoto. Hakuitika.

Mlango ule hauguswi na mtu asiye na metimani. Mimi nilikuwa nayo. Nikaweka bega, komeo likakatika, nikaangukia ndani.

Kibanda kilikuwa kitupu. Ukuta wa nyuma fito zilikuwa zimeng'olewa, udongo bado unadondoka.

"Margwe!" Modest alipiga kelele nje. "Yule pale!"

Nikatoka mbio. Kule bondeni, mchana kweupe, Letisia alikuwa amevuka mto na anapanda upande wa pili. Hakupita kijia chake. Alikuwa katikati ya njia ya watu wote, mikono mitupu, kichwa wazi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka na debe la maji alilibwaga akakimbilia kwenye mahindi.

Njia ile inaishia kwa Mzee Gervasi, aliko Eva, na watu wa huko walishamwona. Watoto wake wa kiume walikuwa wametoka wote uani wamejipanga, fimbo mkononi, na mume wa Eva yuko mbele.

Letisia hakupunguza mwendo.

Modest alitupa kifurushi akaruka ua, akateremka mbio akiwapigia kelele wamwache. Nami nilianza kukimbia, kisha nikasimama, maana nyuma ya wale wanaume nilikuwa nimeona mlango wa kibanda cha Eva ukifunguka.